Kamba na samaki bila mafuta mengi
Dada uliyeuliza unapikaje kamba na samaki bila kuwazamisha kwenye mafuta, mbona rahisi tu. Kamba wamenye, toa ule uzi mweusi wa mgongoni, wakaushe vizuri maana wakiwa na maji hawakaangiki wanachemka, kikaango kiwe cha moto kweli, mafuta kijiko kimoja, kitunguu saumu, pilipili manga, dakika 1 na nusu hivi kila upande, wakishakuwa wa pinki na kujikunja kidogo epua hapohapo, watu wengi wanawapika mpaka wanakuwa kama mpira alafu wanasema kamba hawana utamu, jamani wanawaonea. Ndimu kamulia mwishoni. Samaki chukua changu au minofu ya sangara, chumvi, tangawizi, panga nyanya na vitunguu chini na juu, funika, moto mdogo, usiongeze maji, nyanya zinatosha. Minofu yenye unene wa sentimita 2 dakika 8 mpaka 10 inatosha, ukigusa na uma ikachambuka na ndani nyeupe kote ujue imeiva. Ukipenda nazi weka tui jepesi tu, na ulikoroge lisikatike.