Mwanangu, uliuliza tulikwenda kutafuta nini baharini

Assalaam alaykum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na baba yako naye kausikiliza. Umeuliza: "Mama, hivi kweli mmetoa hela ya mafao mkaenda Unguja kupanda jahazi la watalii jioni? Kuna nini huko ambacho Tanga hakuna? Na bahari ile si ndiyo iliyomaliza watu?" Kwenye simu tungeishia kukatana kauli, kwa hiyo nakuandikia.

Nianze na hela, maana najua ndiyo iliyokukera. Kiinua mgongo kiliishia kwenye paa na kisima, kama tulivyokubaliana mbele yenu wote. Safari imetoka kwenye pensheni ya mwezi, kidogo kidogo, nikiweka kwenye bahasha kabatini kwangu. Na chombo hatukukodi kizima. Tuliingia na watu wengine, kila mmoja akalipia nafasi yake.

Kuhusu hatari, mimi pia sijasahau. Septemba 2011 Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Julai 2012 Skagit ikatoka Dar, ikapinduka karibu na Chumbe, bahari imechafuka. Ndiyo maana kabla hatujatoa shilingi, baba yako alimuuliza nahodha watu wangapi watapanda, mashine ipo endapo upepo utakata, na jaketi okozi ziko wapi. Akataka aonyeshwe, hakukubali kuambiwa tu. Langu nililivaa nikiwa bado nchi kavu. Halafu ilikuwa Agosti, kusi, ule upepo wa kusini, linavuma, na kusi hupiga zaidi upande wa mashariki, Paje na Jambiani huko. Mji Mkongwe, tulikopandia, uko magharibi, kisiwa chenyewe kinaukinga. Maji yalitutikisa kidogo pale boti ya jioni kutoka Dar ilipopita kuingia bandarini, basi.

Sasa Tanga. Kweli, jua linazama hata Tanga, ila halizami baharini. Pwani yetu ya Bara, kuanzia Moa hadi Mtwara, inatazama mashariki. Bahari inatupa macheo, na machweo yanakwenda nyuma yetu, huko milima ya Usambara. Mimi nimezaliwa pwani, nimezeeka pwani, na sikuwahi kuliona jua likiingia majini. Ukikaa Forodhani, pale ufukweni mwa Mji Mkongwe, umeitazama Bara, na jua linakwenda mbele ya macho yako.

Lakini hata hilo si jibu lote. Mwanangu, wewe umekua ukituona wazazi wako ni mke na mume wa Desemba na Juni. Baba yako alifundisha Kasulu, akahamishwa Singida, kisha Handeni, mimi nikabaki na kazi yangu ya uuguzi Tanga na nyinyi. Hata alipopata uhamisho wa kurudi mjini, saa kumi na mbili jioni ndiyo nilikuwa nafunga viatu kwenda zamu ya usiku, na yeye yuko mezani na rundo la madaftari. Tulikuwa na asubuhi, za haraka haraka. Jioni hatukuwa nayo. Alipostaafu akaniuliza nataka nini, nami nikamwambia nataka jioni moja ambayo hakuna anayeondoka. Yeye ndiye aliyesema basi tuipeleke mahali ambapo hata ukitaka kuondoka huwezi.

Tulipandia ufukweni, maji ya magoti, baba yako kakunja suruali, mimi nimepandisha dera, nahodha kanishika mkono kwenye ngazi. Tuliletewa chai ya tangawizi na halua. Tukaenda kaskazini kuelekea kisiwa kidogo cha Chapwani. Mbele palikuwa na kijana peku, kazi yake foromali, ule mti unaobeba tanga la chombo. Kila tulipogeuza chombo aliizungusha mbele ya mlingoti, akampokeza mwenzake upande wa pili. Tanga likalegea, likapigapiga, kisha likashiba upepo kwa kishindo kimoja na ubao tuliokalia ukainama. Baba yako aliangalia kazi hiyo kama anasahihisha mtihani, na ilipofanyika ya pili akampa kijana heko kwa sauti. Kisha akanigeuza nitazame nyuma, jumba la Beit al-Ajaib, ile ya Sultan Barghash ya 1883, upande ulioporomoka Desemba 2020. Aliwahi kupeleka wanafunzi wake mle ndani. Hapo alinyamaza kitambo.

Jua lilishuka kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, usawa wa Saadani. Huku kwetu halisuasui, linakwenda chini wima. Na ni pale pale, limebaki nusu, ndipo baba yako akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Simu ya maandishi ya kuzaliwa kwako aliipokea posta ya Kasulu jioni, wanakaribia kufunga. Aliisoma, akashindwa kujizuia, akamsomea mzee asiyemjua aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Mzee yule akamshika mkono, akakuombea wewe dua pale pale. Miaka yote hiyo baba yako hakunisimulia, kwa sababu kila alipofika nyumbani tulikuwa na ada za shule, mabati na homa za watoto za kuzungumza. Hakukuwa na saa ya habari isiyo na haraka.

Kwa hiyo ukiniuliza tulikwenda kutafuta nini, ndicho hicho, na tulikipata. Sijutii hata shilingi moja, na baba yako pia.

Kuhusu swala, usiwe na wasiwasi. Nahodha alituambia tangu mwanzo kwamba adhana ya magharibi ikipigwa tunageuza, kwani na yeye ana yake ya kuswali. Ilipigwa, misikiti inapokezana toka Malindi hadi Shangani, tukageuza. Tuliwahi vizuri.

Ukija na wajukuu Desemba itakuwa kaskazi, upepo wa kaskazini, nasi tunataka kuwapeleka Nungwi asubuhi waone majahazi yanavyoundwa, jinsi mafundi wanavyokalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, kwa pamba na mafuta. Nijulishe mapema mko wangapi, nitafute nyumba. Na mumeo aje. Asiseme kazi.

Baba yako anakusalimu. Anasema simu ile ya maandishi anayo bado, ndani ya mkoba wa vyeti, atakuonyesha.

Wasalaam,
Mama yako,
Tanga