Tiketi, muhuri na treni za Berlin: majibu kwa wanaokuja kutembea

Majira ya joto yakikaribia, ndugu na marafiki wanaokuja Berlin huniandikia, na wengi huuliza habari za treni. Haya ndiyo ya mwezi huu.

Nikitua uwanja wa ndege wa BER, ninunue tiketi gani?

Nunua ya ABC. Kwa upande wa nauli, A ni katikati ya mji, B ni mitaa ya pembeni, na C ni nje ya mpaka wa jiji. BER iko C. Wageni huchukua AB kwa kuwa ni nafuu kidogo, kumbe hapo uwanjani haifai. Stesheni iko chini ya Terminal 1. Treni ya FEX hukufikisha stesheni kuu, Hauptbahnhof, kwa muda wa nusu saa au chini yake, na tiketi ni hiyohiyo ya ABC.

Nimesikia hakuna geti wala kondakta. Watu wanalipaje?

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ni kweli, unashuka ngazi mpaka kwenye reli na hakuna anayekuuliza kitu. Lakini wakaguzi wapo, na wengi huvaa nguo za kawaida kama abiria wengine.

Mama yangu mdogo alipokuja kunitembelea, alinunua tiketi mwenyewe kwenye mashine, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela zake, akapanda. Vituo viwili mbele, vijana wawili wakasimama na kuonyesha vitambulisho. Akafungua fundo taratibu, akawapa tiketi. Ilikuwa safi, haina muhuri. Faini ni euro 60. Roho iliniuma sana, maana nilimfundisha kununua, sikumfundisha kugonga.

Kwa hiyo: ukishanunua tiketi ya karatasi, tafuta kisanduku chekundu au cha njano pale pale unaposubiria treni, ingiza ncha ya tiketi mpaka usikie mlio, kisha utazame kama imechapwa saa na tarehe. Tiketi isiyogongwa huhesabiwa kama huna tiketi. Ya safari moja ndani ya AB hudumu saa mbili, nawe unaweza kubadilisha treni, basi na tramu upendavyo, mradi uelekee mbele tu. Kurudi ulikotoka ni tiketi nyingine. Ukinunua kwa simu hakuna kugonga, ila malizia kununua kabla ya kupanda.

S na U zina tofauti gani?

Alama ya kijani ya S ni treni zinazopita juu zaidi. Ya bluu ya U ni za chini ya ardhi, ingawa njia ya U1 inapofika mtaa wa Kreuzberg hupanda juu ya nguzo. Tiketi ni moja. Angalia S41 na S42: zote huzunguka mji kwa duara, S41 kwa mwelekeo wa mshale wa saa, S42 kinyume chake.

Nikae mwezi mzima, ninunue ile tiketi ya nchi nzima?

Ukizunguka sana, ndiyo. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na bei imepanda tangu hapo. Unapanda mabasi, tramu na treni za mikoa Ujerumani yote, lakini siyo treni za kasi za ICE. Jambo moja msisahau: hujiendeleza yenyewe kila mwezi. Isitishe kabla ya tarehe 10, la sivyo utakatwa hela za mwezi unaofuata ukiwa umesharudi nyumbani.

Usiku je?

Ijumaa na Jumamosi treni za mjini hutembea usiku kucha. Siku nyingine yapo mabasi yanayoanza na herufi N.

Nina siku moja tu na hela kidogo. Nipande nini?

Asubuhi panda basi namba 100 kutoka stesheni ya Zoo hadi Alexanderplatz, ukae ghorofa ya juu, mbele. Utapita bunge na karibu na lango la Brandenburg kwa nauli ya kawaida.

Mchana, kwa Mtanzania, siachi kusema: panda U6. Shuka Afrikanische Straße. Mitaa ya karibu ina majina ya Sansibar na Tanga, na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, tangu 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao kile muda mrefu.

Halafu rudi na U6 hiyohiyo, ushuke Naturkundemuseum. Ndani ya jumba la makumbusho amesimama mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, msimamizi wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Jumatatu jumba hufungwa, kwa hiyo panga siku nyingine.