Mnasanzi Haufi kwa Njaa

Mnasanzi wa kwanza, mmea unaokula wadudu, niliuua kwa nyama ya kusaga. Wa pili kwa mbolea. Wa tatu niliuacha bila chakula chochote, nikawa naumwagia maji ya bomba kila asubuhi kwa mapenzi yote, nao ukafa. Kwa hiyo ukipita barazani kwangu hapa Raleigh, North Carolina, ukakuta beseni lenye vyungu 22 vya mimea ya kijani yenye vinywa vyekundu, usidhani nilizaliwa na mkono mzuri wa mimea.

Kwa Kiingereza unaitwa Venus flytrap, na wataalamu wanauita Dionaea muscipula. Kwetu haupo, kwa hiyo jina la mnasanzi nimeupa mwenyewe. Siku nilipomwonyesha mama kwa video, yeye yuko Arusha, aliutazama kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, na huo mnalala chumba kimoja?"

Kama ndiyo kwanza umeununua, anza na maji. Mimi nimekulia Arusha, mahali ambapo maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kiasi cha kutuachia meno ya kahawia, na bado haikunijia akilini kwamba maji masafi machoni yanaweza kuwa mabaya. Mizizi ya mnasanzi haivumilii madini. Maji kwenye chungu yanakauka, madini yanabaki, kesho unaongeza mengine, na baada ya miezi michache mizizi imeungua. Tumia maji ya mvua, au maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Kuna kipimo kidogo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka, kama kalamu, unakichovya kwenye maji kinakupa namba: mimi sikubali inayozidi 50. Maji ya kunywa ya chupa mengi yana madini, hayafai hata kama bei yake imekuuma. Wenzangu mlioko nyumbani mnaweza kupata maji ya betri kwenye vituo vya mafuta, lakini soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyohiyo.

Usiumwagie juu. Weka chungu ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, uache unywe kutoka chini. Chungu kiwe cha plastiki, kirefu angalau sentimita 10. Vyungu vya udongo visivyopakwa rangi ya kung'aa vinatoa madini polepole, usivitumie.

Kilichonifumbua macho zaidi ni safari. Mmea huu kwa asili unaota sehemu moja tu duniani, nyanda za pwani za North Carolina na South Carolina, kuuzunguka mji wa Wilmington. Kutoka kwangu ni saa mbili hivi kwa gari. Nilikwenda Carolina Beach State Park, ambako kuna njia ya miguu iliyopewa jina la mmea wenyewe, nikiwa na picha ya msitu mzito wenye giza na mvuke. Nikapita juu yake bila kuuona! Ni mdogo, wote unaenea kiganjani, na kinywa chenyewe ni kama sentimita mbili au tatu. Upo chini kabisa kati ya majani, kwenye mchanga mweusi uliolowa, na jua linaupiga utosini. Miti iliyopo ni misonobari iliyoachana, na moto hupita humo mara kwa mara kufyeka vichaka. Moto usipopita, vichaka vinaufunika mmea na kuunyima jua mpaka unapotea.

Simama pale dakika kumi utaelewa kila kitu nilichokosea. Ule udongo hauna naitrojeni ya maana wala fosforasi. Mmea umezoea ufukara huo, mizizi yake kazi yake kubwa ni kunywa, na lishe inayokosekana unaipata kwa wadudu. Mimi nilikuwa nimeuhamishia kwenye udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, kama nilivyoona mama akifanya kwa mchicha. Unachohitaji ni piti, ule udongo mwepesi wa kahawia unaotokana na mimea ya kinamasi iliyooza nusu, uchanganye nusu kwa nusu na pelaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi. Kagua mfuko, maana piti nyingi madukani tayari zimetiwa mbolea. Mchanga wa baharini una chumvi, uache ufukweni.

Usiung'oe porini hata ukikutana nao. Tangu Desemba 2014, kuiba mmea huu ni kosa kubwa la jinai kwa sheria ya North Carolina. Na ukitamani kupeleka mmoja nyumbani, jua kwamba biashara yake kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na nchi nyingi zinataka cheti cha afya ya mimea. Kwenye begi, katikati ya nguo, hapana.

Sasa mwanga wa jua. Kile kifuniko cha plastiki unachouzwa nacho dukani, kivue. Uzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, halafu upate saa sita au zaidi za jua la moja kwa moja. Dirisha la jikoni halitoshi. Mmea huu unajitengenezea chakula kwa jua kama mwembe na mahindi. Mdudu ni kama dagaa pembeni ya ugali. Ukiona majani marefu, membamba, yanayolegea, na vinywa havina wekundu ndani, jua ni pungufu.

Haya, kulisha, jambo ambalo kila mtu huniuliza kwanza nami naliweka nyuma makusudi. Ndani ya kila upande wa kinywa kuna vinywele, kwa kawaida vitatu. Mdudu akigusa kimoja, hakuna kinachotokea. Akigusa tena ndani ya sekunde 20 hivi, kinywa kinafunga, haraka kuliko kupepesa jicho. Tone moja la mvua halitoshi kuudanganya. Hata hapo haujamaliza kuhesabu: mwanzoni meno yanaacha nafasi, mdudu mdogo sana apenye aende zake, na ni pale windo linapoendelea kupapatika na kugusa vinywele ndipo kinywa kinabana sawasawa na kumwaga majimaji ya kumeng'enya. Baada ya siku tano hadi kumi na mbili kinafunguka, na kinachobaki ni ganda kavu.

Hapo ndipo utaona kosa la nyama ya kusaga. Haipapatiki, ina mafuta, inaoza, na kinywa kinaoza nayo. Mmea ukiwa nje hauhitaji msaada wako. Wangu hushika sisimizi na buibui zaidi ya nzi, kwa hiyo jina nililoupa nalo ni la uongo kidogo. Ukiwa ndani ya nyumba, mdudu mmoja kwa mwezi kwenye kinywa kimoja au viwili anatosha, asizidi theluthi ya ukubwa wa kinywa. Ukimpa mdudu aliyekufa, kinywa kikishafunga kibinyebinye taratibu kwa kidole ili udhani windo liko hai.

Na vidole vya wageni? Hapo huwa mkali. Kila kinywa kina idadi ndogo tu ya kufunga na kufunguka kabla hakijachoka na kufa, na kufunga bure kunaumaliza mmea nguvu. Watoto wa jirani nimewapa chungu kimoja cha kuchezea, vilivyobaki wanaangalia kwa macho.

Vinywa vitakuwa vyeusi. Usitishike, ni majani ya zamani yanamaliza zamu, kata kwa mkasi. Tazama katikati ya mmea: kama panachomoza majani mapya, uko salama. Majira ya kuchipua utatoa kikonyo cha maua, na kama mmea bado mchanga kikate kikiwa kifupi, kwa sababu maua huudhoofisha.

Linalobaki ni baridi, na hapa ndugu zangu wa Afrika Mashariki wana kazi kuliko mimi. Mnasanzi unahitaji kulala miezi mitatu hivi kila mwaka, kwenye nyuzi kati ya 0 na 10. Hapa Raleigh siku zikifupika mwezi wa kumi na moja unajikunja wenyewe, majani yanalala chini, mengine yanakufa, na mtu asiyejua anautupa jalalani. Nimeshatupa mmoja hivyo. Mimi huuacha nje, udongo ukiwa na unyevu kidogo, na kukiwa na usiku wa kugandisha kweli naufunika kwa majani makavu ya msonobari.

Karibu na ikweta mchana haufupiki wala baridi haitoshi, labda uwe Makete, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako asubuhi nyingine za Juni na Julai umande unaganda juu ya nyasi. Dar es Salaam na Mombasa ningekushauri uanze na mmea mwingine unaokula wadudu, Drosera madagascariensis, ambao ni wa Afrika hii hii na hauna habari na baridi. Rafiki yangu wa Nairobi, mbishi, anatumia friji. Anang'oa mmea, anakata majani yaliyokufa, anaosha mizizi kwa maji ya mvua, anauzungushia kitambaa safi chenye unyevu, anaufungia kwenye kopo la aiskrimu na kuuweka rafu ya chini, mbali na sehemu ya kugandishia. Kila wiki mbili anafungua kuangalia ukungu. Mwaka wa kwanza mmea haukufika hata wiki ya pili. Mdogo wake alilifungua kopo usiku akitafuta aiskrimu, akalitupa lote nje ya dirisha. Siku hizi limeandikwa juu kwa kalamu nene: MIZIZI.