Kabla Hujaagiza Tuba Kutoka Nje, Piga Hesabu ya Forodha

Juzi msomaji mmoja, mpiga tromboni, ameniandikia: "Kaka, nasikia ushuru wa bidhaa za nje unapandapanda tu. Ninunue tromboni yangu ya Kijapani sasa hivi au nisubiri mambo yatulie?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nimeona heri niwaandikie wote, maana nawajua. Mnaosoma hapa si watu wa kuridhika na ala ya kuazima. Mnataka ya kwenu, iliyotoka kwenye mikono inayoijua kazi, na mara nyingi mikono hiyo iko nchi nyingine.

Mdogo wangu, swali la sasa au baadaye ni la pili. La kwanza ni hili: unajua tromboni hiyo itakuwa imekula kiasi gani siku itakapofika mlangoni kwako? Siyo bei iliyoandikwa kwenye tovuti. Hiyo ni bei ya kuitazama.

Mimi hili nimelijua kwa gharama ya jina langu. Bendi yetu ilihitaji tuba, ile ala kubwa ya shaba yenye sauti nzito. Iliyokuwepo ilikuwa imechoka, valvu zimelika, hewa inavuja kila mahali, mpigaji anatoka jasho kwa noti ambayo mtoto angeipata kwenye ala nzima. Nikapewa kazi ya kuagiza kwa sababu nilikwisha kujiagizia ala zangu mwenyewe na zikafika salama. Nikaandaa makadirio: bei, nauli, bima, ushuru, kodi, malipo ya wakala wa forodha. Nikayasoma kikaoni kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wanaishangilia tuba. Namba hakuna aliyezisikiliza.

Tuba ikaja, nzuri ajabu, na gharama yake ikawa karibu sawasawa na makadirio yangu. Kwenye kikao cha mahesabu mweka hazina akafungua simu, akaonyesha bei ya kwenye tovuti ya muuzaji, akauliza mbele ya wote: "Hii tofauti imekwenda wapi?" Nilikuwa na kila karatasi. Nikazipanga mezani moja moja, ankara, hati ya forodha, risiti ya wakala. Akazipitia, akanyamaza, kikao kikaendelea na ajenda nyingine. Neno la samahani halikutoka kwa yeyote. Mpaka leo wapo wanaoniita "bwana forodha", nami nacheka nao, lakini kicheko changu kinaishia kwenye meno.

Hesabu niliyowasomea siku ile ni hii, na safari hii naomba mnisikilize. Chukulia ala ina bei ya 1,000, fedha yoyote utakayo. Nauli 200, bima 20. Nchi nyingi hutoza ushuru juu ya jumla ya vitu hivyo vitatu, yaani 1,220, siyo juu ya 1,000. Ushuru ukiwa asilimia 10, unalipa 122, na thamani inafika 1,342. Halafu kodi ya ongezeko la thamani inatozwa juu ya hiyo 1,342, ushuru ukiwa ndani yake. Ikiwa ni asilimia 18, hiyo ni 241.56. Jumla 1,583.56, na bado hujamlipa wakala wala kampuni ya vifurushi. Umesikia redioni ushuru ni asilimia 10, mkononi bei imepanda kwa zaidi ya asilimia 58.

Sasa ushuru upande kutoka 10 hadi 20. Watu hudhani wataongeza 122 nyingine. Hapana, jumla inafika 1,727.52, ongezeko la karibu 144, kwa sababu kodi inautoza na ushuru wenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokwama mzigo ukiwa tayari bandarini, wanaanza kupiga simu kwa mashemeji. (Marekani wao hawaingizi nauli ya kimataifa kwenye thamani ya ushuru, kwa hiyo ukisoma mahesabu ya Wamarekani mtandaoni usiyanakili kama yalivyo.)

Kwa wapigaji wa ala kubwa nauli ni shubiri. Kampuni za vifurushi hazipimi kilo peke yake, hupima nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, na nyingi hugawanya kwa 5,000. Boksi la tuba la sentimita 110 kwa 70 kwa 60 linatoa kilo 92.4 za kulipia, wakati tuba yenyewe ni kilo kumi na kitu. Nauli hiyo ndiyo inayoingia kwenye thamani, na thamani ndiyo inayotozwa. Mpiga tarumbeta hawezi kuielewa dhiki hii. Tuba yetu ilikuja kwa meli, na wapo walionung'unika kwamba nachelewesha.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi mpaka uwabane: ushuru unafuata nchi ilikotengenezwa ala, siyo nchi lilipo duka. Yufoniamu ninayoipiga sasa, ala ya shaba kama tuba ndogo, niliinunua kwa mtu wa Ulaya, imetumika lakini nzima. Muuzaji akanihakikishia kwa moyo wote kwamba ni "mzigo wa Ulaya". Nikamwomba aniandikie nchi ya kutengenezwa na anipigie picha ya maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wa ala pamoja na namba yake. Akakasirika kidogo, akasema hajawahi kuona mteja wa namna hii. Picha ikaja: Japani. Kama ningejaza Ulaya kwenye fomu, forodha wangeigundua kwa kugeuza ala tu.

Majina ya ala yanadanganya sana hapa. Besson ni jina lililokulia Uingereza, leo liko chini ya Buffet Crampon ya Ufaransa, na yufoniamu zake za daraja la juu hutengenezwa Ujerumani. Nchi tatu kwenye jina moja, na afisa wa forodha anataka moja tu, ile ya kiwanda. Yamaha wana viwanda vya ala za upepo Japani na vingine nje ya Japani, kwa hiyo jina la kampuni halitoshi kukuambia kiwango cha ushuru. Nchi yako ikiwa na mkataba wa biashara na nchi ya kiwanda, ushuru unaweza kushuka, lakini lazima uwe na tamko la nchi ya asili kutoka kwa mtengenezaji au msafirishaji anayekubalika. Ala iliyotumika mara nyingi haina karatasi hiyo, hivyo inalipa kiwango kamili kana kwamba haikutoka popote.

Ile yufoniamu ilinipa vita nyingine, nami nitaisimulia kwa sababu nilishinda. Afisa aliona bei ndogo kwenye ankara akasema thamani imeshushwa, akataka kuitoza kama ala mpya. Sikupandisha sauti. Nilimpa makubaliano ya mauzo, uthibitisho wa benki, na picha za mabonde yote yaliyomo kwenye bomba zake. Kanuni za kimataifa za uthaminishaji, zile za Shirika la Biashara Duniani, zinaanza na bei iliyolipwa kweli. Wakiitilia shaka wana haki ya kuomba ushahidi, na wewe una haki ya kuutoa. Akaipitisha kwa bei niliyolipa. Wakala wangu aliniambia wateja wake wengi wanafika mikono mitupu, wanaanza kulia.

Kitu kidogo kinachosahaulika ni boksi la kubebea, lile lililochongwa kufuata umbo la ala. Kanuni za uainishaji zinasema boksi la namna hiyo likija pamoja na ala, linahesabiwa kuwa sehemu ya ala. Kwenye orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa ambayo forodha huitumia, ala za shaba ziko namba 9205.10. Ukiliagiza boksi peke yake baadaye, linahamia 4202, kwenye mabegi na masanduku, ambako kiwango kinaweza kuwa kingine kabisa. Kipande cha mdomo kikija peke yake ni 9209. Na ukipata tarumbeta la zaidi ya miaka 100 lenye uthibitisho, linaweza kuingia 9706 pamoja na vitu vya kale, ambavyo nchi kadhaa hazivitozi ushuru. Muulize wakala kabla, siyo baada.

Turudi kwa kijana wa tromboni na swali lake. Mwaka 2025 ulikuwa darasa kwa kila anayeagiza. Tarehe 2 Aprili Marekani ilitangaza ushuru wa nyongeza wa asilimia 24 kwa bidhaa za Japani na 20 kwa za Umoja wa Ulaya. Siku chache baadaye ikavisimamisha viwango hivyo na kubakiza 10. Mwezi Julai Japani wakatishiwa 25 na Ulaya 30, na kabla mwezi haujaisha pande zote mbili zikakubaliana 15. Kabla ya vurugu hizo ushuru wa Marekani kwa ala za shaba ulikuwa asilimia 2.9. Sasa mfikirie Mmarekani aliyeagiza honi, ala ya shaba yenye bomba la kuviringwa, ya kutengenezewa kwa mafundi Gebr. Alexander kule Mainz, Ujerumani, mwanzoni mwa mwaka ule. Ala za kuagizia fundi huchukua miezi. Na kiwango kinachotumika kwa kawaida ni cha wakati mzigo unapoingia nchini, siyo cha siku uliyolipa.

Kwa hiyo ikiwa tromboni yako iko tayari kwenye stoo ya muuzaji, na hesabu ya kiwango cha leo unaimudu, nunua. Kusubiri siasa za watu wengine zitulie ni kazi isiyo na mshahara. Ikiwa ndiyo kwanza itatengenezwa, andikianeni nani atabeba ushuru ukipanda. Kwenye lugha ya wasafirishaji, DDP maana yake muuzaji anakulipia ushuru na kodi, DAP maana yake wewe ndiye utakayelipa. Wauzaji wengi watakataa DDP. Hata hivyo uliza, maana jibu la muuzaji litakuonyesha unafanya biashara na mtu wa aina gani.

Na msijidanganye kwamba ala inayotengenezwa nchini kwenu iko nje ya mchezo. Shaba ya tarumbeta ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Agosti 2025 Marekani iliweka asilimia 50 kwenye bidhaa za shaba nyekundu zilizosindikwa nusu, kama mabamba na mabomba, na mtengenezaji wa nyumbani anayenunua malighafi hiyo kutoka nje hawezi kuumeza mzigo huo peke yake.

Wale wa vitu vidogo nao wasikae wakacheka. Zamani ungeagiza kipande cha mdomo kikapita kimyakimya kwa sababu thamani yake ni ndogo. Milango hiyo inafungwa. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa mizigo ya chini ya euro 22 tangu Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wake wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Kwenye vifurushi vidogo hivyo, ada ya kampuni ya vifurushi kukushughulikia inaweza kuushinda ushuru wenyewe. Agizeni pamoja na wenzenu, kifurushi kimoja, ankara moja.

Sasa niseme na wajanja, maana najua mpo. Muuzaji akikwambia ataandika "zawadi" au atapunguza bei kwenye ankara, mkatae. Mkatae hata akikuita mwoga. Ala ikipotea au ikifika imepondwa, bima inalipa thamani iliyotamkwa, na wewe umetamka bei ya filimbi. Ikikamatwa, anayeitwa ofisini ni wewe, yeye yuko kwake anakunywa chai. Tunapanda jukwaani tumevaa sare na vifungo vimeng'aa, halafu ala tunayoipuliza imeingia nchini kwa uongo? Mimi nililipa kila senti nikaitwa mwizi. Angalau nilikuwa na karatasi za kuweka mezani.

Ndiyo maana nawaambia wenye bendi: makadirio yasisomwe tu kikaoni. Yaandikwe, mwenyekiti asaini, mweka hazina asaini, ndipo fedha itoke.

Na ala ikifika ukagundua siyo uliyoagiza, usikimbilie kuirudisha posta. Nchi nyingi zinaweza kukurudishia ushuru wa mzigo unaorudi kwa muuzaji, lakini mara nyingi zinataka kuombwa kabla mzigo haujaondoka, na kuiona ala ikitoka. Vivyo hivyo ukiipeleka nje kutengenezwa: isajili forodha kwa namba yake kabla ya kutoka, ili ikirudi utozwe kwa kazi ya fundi na sehemu alizobadilisha, siyo kwa thamani ya ala nzima. Piga picha ya namba hiyo leo, kabla hujaihitaji, uihifadhi pamoja na risiti.