Vijana wa atachmenti, hiyo batoni ya Save imeenda wapi?

Jana tena. Kijana wa atachmenti hapa Kisumu ananionyesha fomu yake ya Windows Forms (dirisha ya programu unayojenga kwa kuburuta batoni na visanduku), imependeza kweli, nikamwambia hebu vuta hiyo dirisha iwe kubwa. Batoni zote zikabaki zimejikunyata kona ya juu kushoto kama kuku wamenyeshewa. Wacha niandike mara moja nisirudie.

1. Usipange kwa macho. Tumia TableLayoutPanel (jedwali linalopanga vitu vyenyewe dirisha ikibadilika), ama angalau weka Anchor (inashikilia batoni kwa ukingo wa dirisha), na MinimumSize (udogo wa mwisho wa dirisha) iwe siku ya kwanza.

2. Usitoe taitoba, ule mstari wa juu wa dirisha wenye jina na X ya kufunga. Hii ndio ilinimaliza. Niliandikia mama mmoja wa hadiwea kule Luanda ya Vihiga programu ya mauzo, nikaweka FormBorderStyle (fremu ya dirisha) kuwa None, taitoba ikatoka, ndio ikae ya kisasa, nikajichorea batoni yangu ya kufunga, nyekundu, ya mviringo, yaani nilijipenda. Monita yangu ni pikseli 1920 kwa 1080, laptopu ya mama ni 1366 kwa 768, kwa hivyo Save ilikuwa imezama chini ya skrini na taitoba hakuna, sasa dirisha utaivuta ukishika wapi? Ubaya ni kwamba hawakulalamika. Msichana wa kaunta aligundua ukibonyeza Tab mara 11 halafu Enter risiti inaingia, akawa anahesabu kwa sauti, mpaka wateja wakazoea kumhesabia. Mimi huku wiki tatu naambia watu sistimu yangu haina shida. Siku moja mteja wa mabati akamkatiza katikati, akapoteza hesabu, akapiga Tab moja zaidi. Ya 12 ilikuwa Futa. TabIndex, yaani mpangilio ambao Tab inapitia, inafuata vile uliburuta vitu kwa fomu, na mimi Futa niliiburuta baada ya Save, hata swali la "una uhakika?" sikuweka. Mauzo ya siku nzima yakaenda. Nikapanda matatu asubuhi, nikamkuta mama anaandika upya kwa kitabu, kalamu mkononi, akaniangalia: "Umefika mwanangu? Kunywa chai kwanza." Aki heri angenitusi.

3. Jaribu fomu yako na skeli ya skrini (ukubwa wa maandishi kwa settings za Windows) ya 125% kabla hujapeleka kwa mtu, maneno yatakatika uone.

4. Nyinyi wa Tkinter (ya kuchora madirisha kwa Python), kuchanganya pack na grid, zile njia mbili za kupanga vitu, kwa fremu moja hapana. Hapana.

Na yule kijana ameniuliza kama anaweza kutoa taitoba kwa fomu ya login peke yake. Nimemwambia Jumamosi twende Luanda, mama bado ana kile kitabu.