Bei ya Land Rover iliyolala chini ya mwembe

Mkuu, umeuliza utoe ofa gani kwa Land Rover ya mzee iliyolala chini ya mwembe: bei anayotaja iache kwanza. Ulizia Land Rover ya toleo hilo la zamani, Series III, inayotembea hapa Tabora inauzwaje, toa gharama ya kuifufua, kisha toa tena kama robo ya gharama hiyo kwa yale usiyoyaona. Kinachobaki ndiyo ofa yako. Bodi isikutishe hata ikiwa imebonyea, ni alumini, haishiki kutu kama chuma. Kinachokula hela ni chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Ingia uvunguni na bisibisi, gonga kule nyuma karibu na springi: ikilia kavu, sawa, ikizama kama kwenye muhogo uliooza, hesabu chesisi nyingine. Halafu tia hendeli mbele uzungushe injini kwa mkono. Isipozunguka, injini iandike kama haipo. Mimi nilipuuza hilo la bisibisi, nikanunua chekeche lenye matairi.

Ila kama jina kwenye kadi ya gari ni la marehemu, usitoe hata shilingi mpaka asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bila hivyo kubadilisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, utakwama.