Siku mbili Lisbon, na dhahabu ya Kilwa

Barua za mwezi huu nyingi zimeuliza kuhusu Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nimejibu tano, na ya pili nimeiandikia kwa moyo wote.

Natua Jumapili usiku, naondoka Jumatano alfajiri. Nipange vipi siku zangu mbili?

Belém, mtaa wa kando ya mto, iweke Jumanne. Jumatatu monasteri ya Jerónimos iliyoko huko na makumbusho ya taifa hufungwa, na wageni wengi huligundua hilo wakiwa wameshafika langoni. Jumatatu tembea Alfama, mtaa wa zamani ulionusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilipoubomoa mji. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hatajisikia mgeni pale: vichochoro vya watu wawili kupishana kwa shida, nguo zimeanikwa madirishani, majirani wanaongea kutoka roshani hadi roshani. Hata jina la mtaa lina asili ya Kiarabu. Kisha nenda Carmo, kanisa lililoanguka paa siku ile ya tetemeko na halikuezekwa tena. Matao yake yamesimama juu ya nyasi, na juu yake ni mbingu tupu. Jua likikaribia kuzama, panda kilima cha Senhora do Monte uutazame mji wote hadi mtoni.

Mimi ni mwalimu wa historia Lindi, nakuja kwa mkutano. Kuna chochote huko kinachotuhusu sisi wa pwani?

Kipo, Mwalimu, na kama utaona kitu kimoja tu Lisbon, kione hiki. Nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, barabara ya Janelas Verdes, uulizie Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili iabudiwe. Ni ya dhahabu na rangi za kung'aa: mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, na juu yao amening'inia njiwa mweupe. Iinamie uangalie kitako chake. Maandishi yanayokizunguka yanasema mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya *Quiloa*, ikakamilika mwaka 1506. Quiloa ni Kilwa yetu.

Unajua ilivyotokea. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia Kilwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile, iliyokuwa imepita Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kabla ya kufika Kilwa, ikapelekwa Lisbon na kukabidhiwa mfua dhahabu Gil Vicente. Miaka mitatu baada ya kodi ile, mwaka 1505, Wareno walirudi na kuupora mji. Mimi nilisimama mbele ya kioo kile muda mrefu, nikikumbuka magofu ya Husuni Kubwa kule Kilwa yanavyotazama bahari. Wapigie picha wanafunzi wako, na neno Quiloa lionekane vizuri.

Mchana nenda Belém kwa tramu 15E. Ukiingia kanisa la Jerónimos, kaburi la Vasco da Gama liko kushoto, limechongwa kamba na jahazi. Ujenzi wa monasteri ile uligharimiwa kwa sehemu na ushuru wa viungo na bidhaa nyingine zilizotoka Afrika na Mashariki.

Nasafiri na mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nasikia mji ni vilima vitupu.

Ni kweli, na mawe ya njiani huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo mama avae viatu vyenye soli ya mpira. Lakini Baixa, mtaa wa katikati ya mji, na kando ya mto ni tambarare. Kupanda mtaa wa Chiado, ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado upande wa chini, mpandishwe na ngazi za umeme hadi juu ya kilima. Na mchukue kivuko kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto: ni safari fupi, mama amekaa, mji wote uko mbele yake. Mfikishie shikamoo yangu.

Chakula halali na mahali pa kuswali?

Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Miongoni mwa waumini wake wako wengi wenye asili ya Msumbiji. Kwa chakula, nenda Martim Moniz na barabara ya Benformoso, ambako Wabangladeshi wana migahawa na bucha za halali. Kwingineko samaki wa kuchoma hawakosekani. Vitobosha vya maziwa na mayai vya Belém, vinavyouzwa tangu 1837, ni vitamu vikiwa vya moto na mdalasini juu, ila kabla ya kununua popote uliza kama unga umekandwa kwa mafuta ya nguruwe.

Tramu 28 na Sintra, nisikose?

Tramu 28 ipande asubuhi mapema, Martim Moniz inakoanzia, upate kiti. Baadaye watu hubanana na wachomoaji hujaa humo, kwa hiyo pochi ikae mfuko wa mbele. Sintra, mji ulio nje ya Lisbon, ni pazuri sana, na treni kutoka Rossio huchukua kama dakika 40, lakini majumba yake yanataka siku nzima. Mwenye siku mbili aiache. Mwenye siku tatu aende, na awahi treni ya asubuhi.